Manyoya ya Bernadette

Chini ya kitanda cha mama yangu, kule Kibirichia, kuna sanduku la bati lenye makoti manne. Nayajua yote manne kwa sababu ni mimi niliyeyatuma. La kwanza, la bluu, lilikwenda mwaka ule tuliofika Minnesota, Marekani. La mwisho lina kofia yenye manyoya pembeni, na lilisafiri na mchungaji. Yote yamekunjwa vizuri na kutiwa dawa ya nondo, na mama yangu, mwenye miaka themanini na moja, hulala juu yake kila usiku akitetemeka.

Watu hudhani Kenya nzima ni jua. Kibirichia, kwetu Meru, iko kwenye ubavu wa Mlima Kenya, na mwezi wa saba ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Julai ya mwaka jana Mama alilazwa siku kumi na moja kwa nimonia. Wifi yangu Kathure, mke wa kaka yangu, ndiye anayeishi naye, na ndiye aliyenipigia simu ya video kutoka wodini. Nikamwona Mama amejikunyata kitandani ndani ya sweta ya kijani iliyochakaa.

"Mama, koti liko wapi?"

"Liko salama."

"Salama kwa nani? Si nilikutumia uvae?"

"Lile ni la kwenda nalo mahali."

"Mahali gani?"

Akafikiri kidogo. "Mahali," akasema.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilikata simu, nikalia ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali ninayofanyia kazi huku Coon Rapids, kisha nikapangusa uso, nikaingia zamu kwenda kuwafunika blanketi mama za watu wengine.

Kwenda kumvalisha mwenyewe siwezi. Karatasi zangu za kuomba ukaazi ziko serikalini, huu mwaka wa tisa. Nikitoka nchi hii kabla hazijajibiwa, sirudi. Kwa hiyo nikaapa jambo moja tu: Julai inayofuata itamkuta mama yangu amevaa kitu kilichotoka kwangu. Amevaa, si ameweka.

Mwezi wa tatu, theluji ingali imelala uani, mwenzangu wa kazini akaniletea mfuko wa plastiki mkubwa kama gunia la viazi. Huyo ni Rachelle, muuguzi wa wodi yetu. Yeye na mumewe wanafuga alpaka shambani kwao, mwendo wa saa nzima kwa gari. Alpaka ni mnyama wa Amerika Kusini, binamu mdogo wa ngamia, na huku hafugwi kwa maziwa wala nyama, ni manyoya tu. Haya yalikuwa yamenyolewa mwaka uliopita kwa jike mmoja aitwaye Bernadette. Rachelle alinionyesha picha yake: shingo ndefu, nywele zimemwangukia machoni, sura ya mtu aliyeambiwa arudi kesho. Nilikuwa nimemsimulia habari za Mama, naye akaniapia kwamba hakuna joto linaloshinda hili.

Hapo nikapata wazo nililoliona la busara sana. Koti la dukani ni kitu tu, nikajiambia. Lakini kitu nilichokichambua, nikakisokota na kukifuma kwa mikono yangu mwenyewe, ni mama gani atakayekifungia sandukuni? Nitamtengenezea shali.

Mume wangu Kalume huendesha basi la shule, na ni mtu wa Takaungu, pwani ya Kenya, maana yake hana haraka na lolote. Aliufungua mfuko gereji akachungulia ndani.

"Mama Brandon," akasema, "na mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

Brandon ni kijana wetu, yuko chuoni Duluth. Sisi tumebaki na jina lake na gereji yenye nafasi, kwa hiyo tukaitumia. Tulitandaza manyoya juu ya wavu wa dirisha tulioulaza juu ya viti viwili. Yalitoka kama blanketi moja, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mlikuwa na shamba zima: majani makavu, mbegu, mchanga, na vidonge vya kinyesi ambavyo Rachelle alisema ni vya kawaida. Alpaka hugaagaa mavumbini kama punda. Manyoya yake hayana mafuta kama ya kondoo, basi uchafu wake ni wa kukung'uta kabla haujawa wa kuosha. Tulikung'uta mpaka tukapiga chafya kwa zamu. Kisha tukachambua. Ya miguuni na tumboni, magumu kama ya ufagio, tukatupa. Ya mgongoni na mbavuni tukaweka. Kazi hiyo ilikula Jumamosi tatu.

Kuosha ndiko kulikotaka kunitoa roho. Mimi nimelelewa na mwanamke anayefua mpaka nguo iombe msamaha. Sasa Rachelle ananiambia: maji ya moto, sabuni kidogo ya vyombo, yazamishe, halafu usiyaguse. Nikaona Wazungu hawajui kufua. Nikachukua konzi moja, nikaifanyia njia ya Kibirichia, kufikicha kwa vifundo vya vidole. Baada ya dakika mbili manyoya yalikuwa yameshikamana kuwa kitu kigumu cha duara ambacho ungeweza kufunikia sufuria. Kalume alikipachika kichwani akazunguka nacho nyumba nzima. Yaliyobaki niliyazamisha kwenye beseni, nikaondoka kabisa bafuni ili mikono isinishinde.

Yalipokauka, Rachelle akatuazima brashi mbili za meno ya waya. Unayachana manyoya kati ya hizo mbili mpaka yote yalale upande mmoja, kisha unayaviringisha kama chapati. Hilo nililiweza. Tatizo lilikuwa kusokota. Kalume alinichongea kijiti, akakitia CD ya kwaya iliyokwaruzika ili kizunguke kama pia. Kijiti kinaning'inia kwenye uzi, unakizungusha, nacho kinasokota. Ndivyo video zilivyosema. Changu kilianguka. Manyoya ya alpaka yanateleza, ukiyavuta kidogo tu yanaachana, na kijiti puu sakafuni. Nilikiokota mara arobaini jioni ya kwanza. Jioni ya nne nilikitupa ukutani.

"Nyinyi Wameru," Kalume akasema kutoka kochini. "Hasira haisokoti uzi."

"Na pole pole ya Takaungu je? Hiyo inasokota?"

"Inasokota," akasema. "Lete."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo miaka ishirini na miwili ya ndoa haikuwa imenionyesha. Nyanyake Kalume alikuwa akisokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa matopeni miezi kadhaa mpaka yaoze zibaki nyuzi. Hufukuliwa, hupondwa, huchambuliwa, kisha wanawake hukaa kitako wakazisokota nyuzi hizo kati ya viganja. Kalume alisokota naye mpaka alipokwenda shule ya bweni, na hakuwahi kumwambia mtu, maana ilikuwa kazi ya wanawake na wenzake wangemcheka. Hata mimi hakuniambia. Nilimwuliza ni mambo gani mengine ananificha, akasema mengine ni madogo.

Alichukua vipande viwili vya manyoya, akavisugua mara moja kati ya viganja, kwenda mbele. Alipoviachia, vikazungukana vyenyewe, na pale mkononi mwake palikuwa na uzi. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika.

"Haya ni makumbi tu," akasema, "ila haya yamezaliwa na miguu. Yanateleza zaidi, kwa hiyo yape msokoto zaidi. Kamba hukatikia pabovu. Wewe usiache pabovu."

Mwezi wote wa tano tulikaa kochini baada ya chakula, bega kwa bega, tukisokota. Wangu ulikuwa na vinundu mwanzoni, halafu ukaanza kunyooka. Wake ulikuwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, basi lake likapumzika, akawa anasokota mchana nikiwa kazini. Nikirudi namkuta amevaa miwani puani, anatazama mpira, mikono inafanya kazi bila yeye kuitazama, na mabonge mapya ya uzi yamepangwa mezani. Nilimpenda upya kabisa, na nikamwambia. Akasema basi nimpikie samaki.

Tuliuosha uzi, tukautundika bafuni na chupa ya maji ikining'inia chini yake ili unyooke. Kufuma sikuhitaji mwalimu. Msichana wa Meru wa rika langu alijua kufuma sweta kabla hajajua kugawanya. Nilifuma jikoni, nilifuma wakati wa mapumziko kazini, nilifuma jasho likinitiririka mapajani, kwa sababu huku wakati huo ni joto, ila kule kwa Mama ukungu ulikuwa umeshaanza kuingia jikoni.

Shali ilikamilika wiki ya kwanza ya Julai. Ilikuwa kubwa, ya kumzunguka Mama mara mbili, nyepesi, laini kama kifaranga. Rachelle alipoiona aliiweka shavuni. Nami nilijivuna, sifichi.

Jumapili ile Francis akapita nyumbani kutoka kanisani. Francis ni mzee wa kanisa letu, kwao ni Nkubu, na alikuwa asafiri kwenda Kenya baada ya siku kumi. Alikuwa ameahidi kumpelekea Mama mzigo huo kwa mkono wake, akataka kuona ukubwa wake apange begi. Nilipoitandaza mezani, aliinuka akaenda kunawa mikono kwanza, ndipo akarudi kuishika.

"Mama Brandon, hii ume-make wewe mwenyewe?"

"Mimi na Baba Brandon."

Akaikunja taratibu, kona kwa kona, akairudisha mezani kwa mikono miwili. "Hii ni kitu ya maana sana," akasema. "Ningekuwa mimi, siivai. Naiweka."

Kalume akacheka. Mimi sikucheka. Mtu huyu mwema alikuwa amesema kwa sauti kile nilichokuwa nakikataa miezi minne. Nilikuwa nimefanya kazi yote ile kutengeneza koti la tano.

Francis alipoondoka nikamwambia Kalume.

"Si umpigie umwambie aivae?" akasema.

"Nimemwambia hivyo mara nne."

"Basi Kathure afiche ufunguo wa sanduku."

"Ufunguo uko shingoni mwa Mama, kwenye kamba, pamoja na msalaba."

Nikachukua simu nikaanza kupitia picha ambazo Kathure hunitumia: Mama shambani, Mama sokoni, Mama mlangoni mwa kanisa. Siku zote nilikuwa natazama uso wake, kama amekonda. Safari hii nikatazama nguo. Sweta ya kijani ilikuwa yangu, ya sekondari, niliiacha nyuma ya mlango siku nilipoolewa. Gambuti zilikuwa za marehemu Baba. Kitambaa cha kichwa kilikuwa cha Kathure. Hata leso ya kiunoni niliijua, ilikuwa ya jirani yetu aliyehamia Timau. Nilipitia picha za miaka sita. Hakukuwa na kitu hata kimoja mwilini mwa mama yangu alichonunuliwa yeye. Kipya kilikuwa cha kuweka. Kilichokwisha kuvaliwa na mtu ndicho kilikuwa cha kuvaa.

Nikasimama, nikaichukua shali mezani, nikajitupia mabegani. Nje kulikuwa na nyuzi joto thelathini na mbili.

"Unafanya nini?" Kalume akauliza.

"Naivaa."

Nikaivaa siku kumi. Nilikaanga vitunguu nimeivaa, nikaosha vyombo nimeivaa, nikaipangusia mikono. Kazini kuna kiyoyozi, ikanifaa, lakini Rachelle alipoona doa la mafuta karibu na ncha, uso wake ulibadilika. Akaniuliza kwa upole kama ningependa anifundishe kuliondoa. Nikamwambia hapana, asante, doa nalihitaji. Sikupata Kiingereza cha kumweleza zaidi ya hapo, na najua siku ile alijutia kunipa manyoya ya Bernadette.

Jumapili iliyofuata niliivaa kanisani, kule Crystal, watu wote wakijipepea kwa karatasi za matangazo. Francis akanijia baada ya ibada.

"Mama Brandon, uko poa? Ama ni malaria?"

"Niko sawa, mzee. Nasikia baridi kidogo."

Kalume alivumilia siku tatu ndipo akasema. "Mimi nimesokota wiki sita," akaniambia mezani, "na wewe umeigeuza kitambaa cha jikoni." Alikuwa ameumia, nikaona, si utani. Nikamwonyesha zile picha kwenye simu, moja moja, nikimtajia kila nguo ilikuwa ya nani. Alizitazama zote. Kisha akasema, "Basi lala nayo pia." Nikalala nayo.

Siku ya kumi ilikuwa imelegea mabegani, ina doa, na ilinuka vitunguu, jasho na losheni yangu. Niliitia kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida. Francis alichungulia ndani, akanitazama.

"Si ungefua kwanza?"

"Ipeleke hivyo hivyo. Mpe mkononi."

Sikumwomba amwambie Mama neno lolote. Francis hasemi uongo, na sikutaka kumpa kazi asiyoiweza.

Wiki moja ikapita bila habari. Sikupiga simu. Niliogopa kuuliza, niliogopa kuambiwa iko salama. Jumamosi asubuhi, nimesimama jikoni na kikombe cha chai, Kathure akapiga kwa video.

"Tazama mwenyewe," akasema, akageuza simu.

Lilikuwa jiko la Mama, moshi umejaa, na kule kulikuwa jioni. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anamenya viazi. Shali ilikuwa mabegani mwake, imefungwa fundo kifuani kama leso, na maganda mawili ya viazi yalikuwa yamenasa kwenye ncha. Niliweka kikombe chini kabla sijakiangusha. Nilifurahi, nikakaa sakafuni. Kalume alikuwa anaosha vyombo, akaja na mikono yenye povu akachungulia juu ya bega langu.

"Mama, umeivaa," nikasema.

"Kwani hakuna baridi?" akajibu. Aliendelea kumenya. "Francis nilimwuliza, hii ni mpya? Akasema hapana, alikuona nayo kanisani kwa macho yake. Nikainusa. Nikakuta ni wewe." Akavuta ncha ya shali akainusa tena, mbele yetu, bila haya. "Sasa, mwanangu, huko kwenu wanasema kuna baridi kuliko huku. Mbona ulivua nguo yako ukaniazima?"

"Sikukuazima, Mama. Ni yako."

"Si yangu. Ni yako, inanuka wewe." Alisema hivyo kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu ndogo. "Na nguo ya mtu aliye hai haifungiwi sandukuni. Ukiifungia unamfungia njia. Nitakaa nayo mwilini mpaka mwenyewe aje."

Kathure, aliyeshika simu, akaisogeza karibu na uso wa Mama.

"Francis alisema anarudi huko Agosti, kama nina kitu cha kukutumia," Mama akaendelea. "Nimempa maharagwe ya njahi. Shali nimemkatalia. Hii simpi mtu akupelekee. Utaichukua wewe, hapa, kutoka mkononi mwangu."

"Sawa, Mama."

"Sawa ni lini? Mwezi gani?"

Alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilitulia juu ya kiazi, naye ananitazama, anangoja, uso wake mtulivu kabisa, kama anayeuliza ili ajue apande nini na wakati gani. Kalume aliweka mkono wake wenye maji begani mwangu. Nilifikiria karatasi zangu, nikafikiria miezi yote kumi na miwili, na sikuwa na hata mmoja wa kumtajia.

"Ivae tu, Mama," nikamwambia. "Usiivue."